Mnatuita ofisini kulinda mkataba, si kulinda kazi

Najua sijaandika chochote hapa kwa karibu mwezi mzima, na baadhi yenu mmeniuliza kama naumwa. La, mimi ni mzima. Nilikuwa kwenye matatu.

Msicheke. Tangu kampuni ninayofanyia kazi itoe amri kwamba kila mtu awe ofisini siku 5 kwa wiki, natoka nyumbani Ongata Rongai saa kumi na moja unusu alfajiri. Nashuka Railways, navuka mji kwa miguu, napanda matatu nyingine hadi Westlands. Jioni narudi hivyo hivyo, na mvua ikinyesha nauli inapanda maradufu na barabara ya Lang'ata inageuka kuwa uwanja wa kuegesha magari. Kwa siku ya kawaida ni saa 4 barabarani, kwenda na kurudi. Zidisha mara 5. Ni saa 20 kwa wiki, na hizo ndizo saa nilizokuwa nikiwaandikia ninyi.

Na nikifika ofisini? Nafungua tarakilishi, navaa vipokea sauti masikioni, najiunga na mkutano wa Zoom. Kikundi chetu kina watu 9: wawili wako Kampala, mmoja Kigali, mmoja Kisumu. Sisi watano tulioko Westlands kila mtu anaongea kutoka kwenye kiti chake, kwa sababu vyumba vya mikutano vimejaa watu wengine wanaoongea na Zoom. Yaani nimesafiri saa 2 kwenda kuongea na tarakilishi ile ile niliyoibeba mgongoni kutoka nyumbani!

Kampuni sitaitaja. Bado nina kodi ya nyumba ya kulipa. Isitoshe, mambo haya si ya kampuni moja. Nikiongea na wenzangu niliosoma nao, kila mmoja ana hadithi kama hii, tofauti ni jina la barabara tu.

Kabla sijawarushia wengine mawe, wacha nikiri dhambi yangu. Programu inayohesabu nani ameingia ofisini na nani hajaingia niliiandika MIMI.

Niliombwa kuitengeneza mwaka jana, na niliifanya kwa furaha kwa sababu ilikuwa kazi rahisi. Ukigusa kadi yako mlangoni, kifaa kinatuma namba ya kadi na saa. Nilizichukua rekodi hizo, nikaziweka kwenye hifadhidata, nikachora dashibodi. Ukiingia siku 5 jina lako ni la kijani. Siku 4, manjano. Chini ya hapo, jekundu. Rangi nilizichagua mwenyewe, na nilijisifu kwamba zinapendeza. Niliambiwa zitasaidia kujua tuagize maziwa na mkate kiasi gani wa chai ya saa nne. Baada ya miezi 3 rangi zile zilikuwa zinasomwa kwenye kikao cha tathmini ya wafanyakazi.

Kuna dada mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka 4. Yeye ndiye aliyeandika sehemu ngumu kuliko zote ya mfumo wetu, ile ya kulinganisha malipo ya simu na hesabu za benki. Ikiharibika usiku wa manane, yeye ndiye anayeamshwa. Anaishi Juja na ana mtoto mdogo. Akawa anaingia ofisini siku 3 kwa wiki, na programu yangu ikampaka rangi nyekundu. Hakuna aliyeuliza kama malipo yalikuwa yanaenda sawa. Yalikuwa yanaenda sawa! Swali lilikuwa moja tu: mbona kadi yake haigusi mlango?

Mwezi uliopita aliacha kazi. Siku ya mwisho alipita mezani kwangu akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo rangi yako imenimaliza." Alisema akitabasamu. Mimi sikupata la kujibu, na hadi leo sijalipata.

Basi nikaamua kuuliza. Nilikwenda kwa mzee wetu wa idara ya hesabu, mtu mwungwana ambaye hajawahi kunificha kitu. Nikamwuliza, "Mzee, hivi nani amesema kazi inaharibika tukiwa nyumbani? Takwimu ziko wapi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kijana wangu, keti. Tuna orofa 2 hapa. Mkataba unaisha 2029. Kodi tunalipa kila robo mwaka, tena mbele. Wakurugenzi wakipita wakaona viti vitupu, mimi ndiye ninayeulizwa. Nitawajibu nini?"

Shukrani, mzee. Hilo ndilo jibu la kweli la kwanza nililopata. Hatukuitwa kwa sababu ya "utamaduni wa kampuni", wala "ushirikiano", wala maneno mengine matamu yaliyokuwa kwenye barua pepe ile ndefu. Tumeitwa tujaze viti ambavyo tayari vimelipiwa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kodi iliyokwisha kusainiwa ni maji yaliyomwagika. Kiti kikikaliwa au kisipokaliwa, hela ni zile zile. Kunilazimisha nikikalie hakurudishi hata shilingi moja kwa kampuni, ila kunaondoa saa 20 kwangu na nauli juu yake. Hasara ilikuwa moja, sasa zimekuwa mbili, na ya pili nalipa mimi.

Kwa nini mtu mwenye akili asaini mkataba wa miaka mingi hivyo? Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye sheria. Msinikimbie, ni fupi.

Kenya tuna sheria ya mwaka 1965 ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, maarufu kama Sura ya 301. Ilitungwa kumlinda mwenye duka mdogo asifukuzwe ovyo wala kupandishiwa kodi kiholela. Kama mkataba wake haukuandikwa, au ni wa muda usiozidi miaka 5, au una kifungu kinachoruhusu kuuvunja kabla ya muda bila mtu kukosea, basi upangaji wake unalindwa. Mwenye jengo hawezi kumtoa wala kuongeza kodi bila kutoa ilani, na ugomvi unapelekwa kwenye baraza maalum. Tena neno "duka" katika sheria hiyo ni pana, linaingiza hata mahali pa kutoa huduma kwa malipo.

Sheria nzuri kabisa. Lakini wenye majengo nao wana mawakili. Wakafanya hesabu: mkataba ukizidi miaka 5, na usipokuwa na kifungu cha kuuvunja, ulinzi ule hauwagusi. Ndiyo maana mikataba mingi ya biashara hapa nchini ni ya miaka 5 na miezi 3, au miaka 6, bila mlango wa kutokea. Sheria iliyotungwa kumlinda mpangaji ndiyo inayomfanya afungwe miaka 6. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii vizuri. Unarekebisha kosa mstari wa 10, linazuka lingine mstari wa 300.

Sasa linganisheni na sisi tunavyokodi tarakilishi. Zamani kampuni ikitaka tovuti ilinunua seva zake, zenye nguvu ya kubeba siku moja ya mwaka yenye wateja wengi kuliko zote. Siku nyingine 364 zilikaa zikinguruma na kula stima bure. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha seva kwa saa. Ukihitaji 10 unakodi 10, usiku ukihitaji 2 unakodi 2. Leo hakuna kijana aliyetoka chuo kikuu atakayemshauri bosi wake anunue seva 100 kwa miaka 6 kabla hajajua atapata wateja wangapi. Akishauri hivyo tutamcheka. Lakini bosi huyo huyo anasaini orofa 2 kwa miaka 6 na anaitwa mtu mwenye maono!

Kichekesho ni kwamba Amazon hiyo hiyo, iliyotufundisha kukodi kwa saa, iliwaamuru wafanyakazi wake wa ofisini warudi siku 5 kwa wiki kuanzia Januari 2025. Na Zoom, kampuni iliyotajirika kwa kuwauzia watu mikutano ya mbali, mwezi Agosti 2023 iliwaita wafanyakazi wake wanaoishi umbali wa maili 50, yaani kilomita 80 hivi, waje ofisini siku 2 kwa wiki. Kinyozi amekataa kunyolewa kwa wembe wake mwenyewe.

Ngoja niwape kisa cha hapa nyumbani, maana nimechoka na mifano ya Marekani.

Chuoni, katika somo la mitandao, tulifundishwa habari za KIXP. Kwa wale wasiojua, hiki ni kituo cha Nairobi ambapo makampuni ya intaneti hubadilishana data moja kwa moja. Kabla hakijakuwapo, ukimwandikia barua pepe jirani yako wa ng'ambo ya barabara ambaye ni mteja wa kampuni nyingine ya intaneti, barua ilipaa kwa satelaiti hadi Ulaya au Marekani, ikageuka, ikarudi Nairobi. Safari ya maelfu ya kilomita kuvuka barabara moja! Na kila kipande cha safari kililipiwa kwa dola.

Novemba 2000 makampuni hayo yakaamua kuunganisha mitambo yao hapa hapa mjini. Jambo rahisi, la akili. Kilichofuata? Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika. Baada ya kama wiki 2 hivi Tume ya Mawasiliano ikakifunga kituo. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mabishano marefu.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto mdogo. Nilipoisikia darasani tulicheka sote. Tulijiuliza, watu gani hawa waliotaka data izunguke dunia ili mtu fulani aendelee kulipwa kwa mzunguko huo?

Sasa sicheki tena, kwa sababu mimi ndiyo ile barua pepe. Natoka Rongai, mwenzangu anatoka Thika. Sote wawili tunapelekwa Westlands, tunaongea kwa Zoom tukiwa tumeachana viti sita, kisha tunarudishwa tulikotoka. Na anayeitetea safari hiyo ni yule yule wa mwaka 2000, mwenye kitu kilicholipiwa kwenye njia ndefu.

"Lakini," mtasema, "wewe ni mvivu tu unayetaka kulala." Sawa. Tuache hisia, tuangalie majaribio.

Mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wamefanya majaribio mawili makubwa na kampuni moja ya usafiri ya Kichina, iliyoitwa Ctrip na sasa inaitwa Trip.com. La kwanza, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusu wapokeaji simu. Waliofanyia kazi nyumbani walipandisha kazi yao kwa asilimia 13. Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana sitaki kuwaficha kitu. Ukilinganisha watu waliofanya kazi sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi, na jaribio lilipokwisha karibu nusu yao walitaka kurudi ofisini. Walisema wamechoka na upweke.

Jaribio la pili, lililochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature, ni la kutuhusu zaidi. Watu 1,612, wakiwemo waandishi wa programu kama mimi. Nusu yao walikuja ofisini siku 5, nusu walikuja siku 3 na kukaa nyumbani siku 2. Walifuatiliwa kwa miaka 2 katika tathmini za kazi na kupanda vyeo, na hakuna tofauti iliyoonekana. Tofauti ilikuwa sehemu nyingine: walioacha kazi katika kundi la siku 2 nyumbani walipungua kwa theluthi moja. Na akina nani hasa waliobaki kazini kwa sababu hiyo? Wanawake, wasio mameneja, na wenye safari ndefu.

Mwanamke. Si meneja. Safari ndefu. Huyo ni dada yetu wa Juja. Kwa sasa tunatafuta mtu wa kushika sehemu yake. Wiki ya tano hii, na kila anayekuja kwenye usaili anaitazama ile programu ya malipo kama mtu anayetazama mto uliofurika.

Tutoke sasa kwenye kampuni yetu tuutazame mji. Kwa miaka mingi kipimo cha maendeleo Nairobi kilikuwa urefu wa jengo. KICC ilikamilika 1973 ikiwa na orofa 28 na bado naipenda kuliko zote. Kisha makampuni yakaanza kuukimbia katikati ya mji kwa sababu ya msongamano, yakaenda Upper Hill na Westlands. Jumba la UAP Old Mutual likapanda orofa 33. Britam Tower ikakamilika 2017 na mita zake 200. Mei mwaka huo huo rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa The Pinnacle pale Upper Hill, jengo lililotangazwa kuwa litayapita yote Afrika. Mradi huo ukakwama. Na hata kabla ya korona kufika hapa Machi 2020, makampuni yanayofuatilia soko la majengo, kama Knight Frank na Cytonn, yalikuwa yameshasema kwamba ofisi Nairobi ni nyingi kuliko wapangaji. Kwa hiyo msije mkasema ni sisi wa kufanyia kazi nyumbani tuliowaharibia soko. Walikuwa wameshaliharibu wenyewe.

Sasa shukeni Moi Avenue, Luthuli na River Road. Majengo ya zamani, lifti nyingine zimekufa kitambo. Mengi yalikuwa ya ofisi. Wenye majengo waliona makampuni yanahama, hawakukaa kulia wala kuandika barua pepe za utamaduni. Walizigawa orofa kwa mbao na vioo wakatoa vibanda vidogo vidogo: huyu anauza simu, yule anashona, yule anatengeneza tarakilishi. Piteni hapo Jumamosi mjionee kama kuna mahali pa kuweka mguu. Sisemi maisha ya vibanda ni peponi, na moto ukizuka kwenye zile ngazi nyembamba Mungu atusaidie. Ninachosema ni kwamba wenye majengo wale walimtazama mteja kwanza, kisha wakalibadilisha jengo. Wa vioo virefu wanataka mteja abadilike ili jengo lisibadilike.

Na asitokee mtu kuniambia dawa ni kukodi meza kwenye ofisi za pamoja, basi mambo yamekwisha. WeWork ilijaribu hivyo. Ilianzishwa New York mwaka 2010, ikasaini mikataba mirefu na wenye majengo, kisha ikawakodishia watu meza kwa mwezi mmoja mmoja. Januari 2019 ilithaminiwa dola bilioni 47. Novemba 2023 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Wapangaji waliondoka kwa mwezi, mikataba ikabaki kwa miaka. Ugonjwa ni ule ule, mkataba mrefu. Walimhamishia mtu mwingine tu.

Nije kwa hoja mbili ambazo naziheshimu, kwa sababu haziletwi na watu wa hesabu.

Ya kwanza ni ya mama anayetuuzia chapati na maharagwe nyuma ya jengo letu. Aliniambia kwamba mwaka 2020 ofisi zilipofungwa alifunga kibanda akarudi kwao kwa miezi 7, na watoto wake 2 wakakosa karo. Nikisema tufanyie kazi nyumbani siku 2, ninamnyang'anya mauzo ya siku 2, na anayedai hakuna atakayeumia ni mwongo. Jibu langu ni kwamba zile chapati sitaacha kuzila. Nitazila Rongai, kwa mama mwingine ambaye leo ananiona usiku tu, akiwa ameshazima jiko. Hela haipotei, inahama mtaa. Lakini najua jibu hili halimlishi mama wa Westlands wiki ijayo, na sina jingine.

Ya pili ni ya vijana wanaoanza kazi. Mimi nilijifunza kazi kwa kuketi karibu na yule yule dada wa Juja. Aliposema "hmm" akitazama kioo chake, nilivuta kiti nikauliza kuna nini. Hakuna mkutano wa Zoom unaofundisha "hmm". Pia si kila mtu ana nyumba ya kufanyia kazi. Wengine wanaishi chumba kimoja na ndugu watatu. Stima nayo tunaijua. Tarehe 25 Agosti 2023 iliondoka karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Ofisi ina jenereta, kwangu nina mshumaa.

Kwa hiyo sitaki ofisi ife. Nataka itumike kwa kazi inayoiweza. Siku 2 kwa wiki, kikundi kizima, siku zile zile, tukae meza moja, tubishane, tufundishane. Siku zilizobaki kila mtu afanye kazi karibu na kwake. Mbona intaneti yenyewe ilishalitatua jambo hili? Video mnazotazama jioni mara nyingi hazitoki California. Makampuni kama Google na Netflix huweka nakala kwenye seva zilizo karibu na mtazamaji, maana ni rahisi kusogeza kitu mara moja kuliko kuwasafirisha watu wote kila siku. Orofa moja Westlands, chumba chenye meza 10 na jenereta Rongai, kingine Ruiru, kingine Kitengela. Kodi za huko hazifanani na za Westlands hata kidogo, na chapati zipo.

Haya basi, madai yangu ni haya:

1. Mabosi, semeni ukweli. Kama sababu ni mkataba, andikeni "tuna mkataba hadi 2029". Sisi ni watu wazima, tutaelewa, na pengine tutawasaidia kutafuta mpangaji mdogo wa kuchukua orofa moja. Mkituambia ni utamaduni tutajua mnatudanganya, na huo nao ni utamaduni.

2. Pimeni kazi. Malipo yamepita au hayajapita? Makosa yamerekebishwa kwa muda gani? Hivyo vyote viko kwenye mfumo. Mlango hauandiki programu.

3. Wenye majengo, kubalini mikataba yenye mlango wa kutokea. Mpangaji anayeweza kuondoka na bado anabaki ni bora kuliko anayehesabu siku kama mfungwa. Na wabunge, itazameni upya Sura ya 301. Sheria inayomlinda mwenye duka la mwaka 1965 isiwe sababu ya kumfunga mwenye kampuni ya leo.

4. Wenzangu waandishi wa programu, hili ni letu. Tukiombwa kuhesabu watu, tuulize kwanza hesabu ni ya nini, na tuidai kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi, na zisitumiwe baadaye kwa lengo lisilopatana na lile la kwanza. Mimi niliambiwa ni maziwa na mkate. Tathmini ya kazi si maziwa wala mkate!

Hili la nne nimeshaanza kulifanya. Wiki iliyopita niliandika toleo jipya la dashibodi. Halina majina. Linaonyesha idadi ya watu kwa kila orofa kwa kila siku, basi. Kwa kuagiza chai linatosha kabisa. Linatosha pia kuwaonyesha wakurugenzi, kabla ya 2029, kwamba hata kwa amri ya siku 5 orofa ya pili haijawahi kujaa hata siku moja. Nimewapelekea pamoja na barua ya ukurasa mmoja inayotaja sheria ile. Nimeeleza kwamba sitaendelea kulitunza lile toleo la zamani lenye rangi.

Mzee wa hesabu aliisoma akanyamaza, kisha akasema, "Kijana, hii ya orofa ya pili nipe nakala." Bosi wangu hajasema kitu. Nimeitwa kikao Alhamisi saa nne, na bila shaka ni lazima nifike mwenyewe.

Nimempigia simu dada wa Juja nikamweleza. Amepata kazi kwenye kampuni nyingine inayomtaka ofisini siku moja kwa wiki. Aliniuliza kama bado nachagua rangi. Nikamwambia nimeacha. Akacheka, akasema, "Umechelewa, mdogo wangu, lakini umefika."

Basi ndugu zangu, niombeeni Alhamisi. Mambo yakienda vizuri nitawaletea habari. Yakienda vibaya mtaniona hapa mara nyingi zaidi, maana saa 20 kwa wiki si haba.

Alamsiki.